Mwanangu ametolewa senta akapelekwa winga. Tumhamishe timu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 13, amezaliwa Septemba, na anacheza hoki ya barafuni hapa Edmonton, kundi la chini ya miaka 15. Tangu aanze mchezo huu amekuwa senta. Mwezi wa kumi kocha mpya amemhamishia winga ya kushoto, na nafasi yake kapewa kijana mwingine mrefu kumzidi. Baba yake anasema huku ni kushushwa cheo. Anataka tutafute timu nyingine itakayomrudisha senta, maana amesikia maskauti, wale wasaka vipaji, wanatafuta masenta. Mimi nimekulia Tanga, mpira ninaoujua ni wa miguu. Mtoto mwenye ndoto ya kufika mbali acheze wapi? – Mama Baraka

Jibu: Marahaba, Mama Baraka. Nianze na lile linalowaka: msimhamishe timu kwa sababu hii. Mwacheni acheze winga hadi msimu uishe, ila kwa masharti nitakayoyataja huko chini, ambayo una haki kabisa ya kumwomba kocha. Baba Baraka amesikia sawa kwamba maskauti wanapenda masenta. Lakini ukijua kwa nini wanawapenda, hutakuwa na haraka ya kufunga mizigo.

Kwanza tuliweke wazi jambo linalowachanganya wengi tuliolelewa na kandanda. Mtu akisikia "senta" anamfikiria sentafowadi, namba tisa, anayekaa golini kwa wapinzani akisubiri krosi. Senta wa hoki ni namba nane, kiungo wa kupanda na kushuka. Barafuni timu ina watu sita: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu, yaani senta na mawinga wawili. Kisahani, ambacho ndicho mpira wa hoki, kikiwa katika eneo lenu la ulinzi, mawinga wanabaki juu karibu na mstari wa bluu unaoonyesha mwisho wa eneo hilo, wakiwakaba mabeki wa wapinzani wanaopiga mashuti ya mbali. Senta anashuka mpaka chini kabisa, mbele ya kipa wake na hata nyuma ya goli, awe beki wa tatu. Beki akizidiwa kwenye kona, senta ndiye anayewahi kumsaidia. Kisahani kikipatikana, senta anazunguka chini, anapita katikati kuomba pasi, shambulizi linaanzia kwake. Mkikipoteza kule mbele, arudi tena chini. Yote hayo ndani ya zamu ya sekunde 40 hadi 50, kisha apumzike benchi dakika chache na aingie tena.

Juu ya hayo kuna kudondosha. Mchezo ukisimama, mwamuzi anadondosha kisahani kati ya masenta wawili kwenye mojawapo ya vituo tisa vilivyochorwa barafuni. Kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, jambo hilo hutokea mara 50 na zaidi katika mechi moja, na kila mara anayeshinda anaipa timu yake kisahani bila kukitafuta. Hata masupastaa huteseka nalo wakiwa vijana: Connor Bedard, aliyechaguliwa wa kwanza na Chicago mwaka 2023 katika drafti, yaani siku timu za NHL zinapogawana vijana kwa zamu, alimaliza msimu wake wa kwanza akiwa ameshinda chini ya asilimia 40 ya visahani alivyodondoshewa, ingawa alitwaa tuzo ya mchezaji bora mpya. Na kuna tuzo iitwayo Selke, ya mshambuliaji anayelinda vizuri kuliko wote. Winga wa mwisho kuitwaa ni Jere Lehtinen wa Dallas, mwaka 2003. Tangu hapo hadi 2025 imekwenda kwa masenta watupu. Patrice Bergeron peke yake ameibeba mara sita. Senta ni mlinzi kwa kazi, hata kama magazeti yanamwandika kwa pasi zake.

Winga sasa. Huyu wengi wanamdhani ni mtu wa starehe, anakimbia pembeni na kufunga. Mwangalie Baraka katika mechi ijayo pale beki wake anapokichukua kisahani kwenye kona na kukipitisha kando ya ukuta. Winga anakipokea pale ubavuni, bega likigusa ukuta, huku beki wa upande wa pili anashuka kwa kasi yake yote kuja kumbamiza. Ana nusu sekunde hivi ya kuamua: akidhibiti na kumpenyezea senta katikati, akisukume tu kivuke mstari wa bluu, au akifunike kwa mwili mpaka msaada ufike. Akikosea, kisahani kinabaki ndani wakati wenzake wote wameshaanza kupanda, na kipa anajikuta peke yake. Mabao mengi ya ngazi ya vijana huanzia kwenye kosa hilo, ila jukwaani watu humlaumu beki au kipa kwa sababu ndio walioonekana mwisho. Kocha anajua alipotokea mkosaji.

Kwa umri wa Baraka, kazi hiyo ya ukutani ina uzito wa pekee. Canada iliondoa vikumbo katika kundi la chini ya miaka 13 mwaka 2013, kwa hiyo kundi alilomo yeye ndipo vijana wanapoanza kupigana vikumbo kihalali, katika madaraja yanayoruhusu. Senta anayepita katikati hupigwa pia, lakini winga ndiye anayepigwa kila siku. Mfundisheni jambo moja mapema: ama agandamane na ukuta, ama akae mbali nao. Hatua moja au mbili kutoka ukutani ndipo mahali pa hatari, maana ukipigwa hapo unarushwa na kichwa au bega ndilo linalotangulia. Mtoto aliyezoea katikati ya uwanja huwa hana mazoea hayo, na ni heri ayapate sasa akiwa anapambana na wenzake wa miaka 13 na 14 kuliko kuyaanza akiwa na miaka 17 mbele ya watu wazima.

Hukuniambia anashika gongo upande gani. Uliangalie hilo leo. Kama ubapa wa gongo uko kushotoni kwake, basi winga ya kushoto ni mahali pepesi pa kuanzia, kwa sababu akitoka katika eneo lake ukuta uko upande ule ule wa ubapa na kisahani anakipokea kwa mbele ya gongo. Kama anapiga kwa kulia, kocha amempa mtihani mgumu zaidi: ukutani atapokea kwa nyuma ya gongo, jambo linalosumbua hata wakubwa, lakini akifika mbele ubapa wake unaelekea katikati na goli lote analiona wazi. Alexander Ovechkin wa Washington ni mpigaji wa kulia anayecheza winga ya kushoto, na mabao mengi ameyafunga akiwa upande huo huo, akipiga kisahani kinachomjia bila kukituliza. Tarehe 6 Aprili 2025 alifunga bao lake la 895 na kuipita rekodi ya Wayne Gretzky ya mabao 894. Gretzky alikuwa senta. Mwambie Baba Baraka kwamba mfungaji wa mabao mengi kuliko wote katika historia ya NHL ni winga.

Turudi kwa maskauti. Katika timu za watoto, kocha humweka senta yule mtoto anayemwona bora: anayeteleza vizuri, anayeelewa haraka, anayeweza kubeba makosa ya wenzake. Maskauti wakija wanakuta wale bora wako senta na wanawaandika daftarini wakiwa masenta. Si nafasi iliyowafanya wawe bora. Pia wanajua kwamba aliyelelewa senta anaweza kusogezwa winga kirahisi zaidi kuliko winga kusogezwa katikati, kwa hiyo kumchukua senta ni kama kununua kitenge cha doti nzima: utakikata utakavyo baadaye. Ndiyo maana NHL imejaa mawinga ambao utotoni walikuwa masenta. Hesabu yenyewe inawalazimisha. Timu inashusha washambuliaji 12 katika safu nne, na kila safu ina senta mmoja na mawinga wawili. Nafasi za senta ni nne, za winga ni nane. Kijana anayejua senta tu anagombea nne, na nne hizo zimekaliwa na watu waliozizoea. Anayejua zote anagombea 12.

Kuhusu kushushwa cheo, baba amsome Claude Giroux. Alikuwa nahodha wa Philadelphia, senta kwa miaka mingi, na msimu wa 2016–17 alipata pointi 58, yaani mabao na pasi za mabao zikijumlishwa. Msimu uliofuata, akikaribia miaka 30, timu ilimpeleka winga ya kushoto na Sean Couturier akakaa katikati. Giroux akamaliza na pointi 102. Hakuondolewa unahodha, na hakuna aliyemwona amepungua. Aliondolewa mzigo wa kushuka chini kila zamu, nguvu zake zikaenda kwenye pasi.

Na safari ya kurudi ipo pia, ingawa ni wachache wanaoiweza. Elias Pettersson alipokuwa Växjö nchini Sweden msimu wa 2017–18 alicheza zaidi winga, akavunja rekodi ya pointi kwa kijana katika ligi kuu ya huko kwa kupata 56. Mwaka uliofuata Vancouver ilimweka senta na akawa mchezaji bora mpya wa NHL. Sebastian Aho, Mfini wa Carolina, aliingia ligi akiwa winga na ndani ya misimu michache akawa senta wa kwanza wa timu. Tim Stützle, Mjerumani wa Ottawa, hivyo hivyo: alianza winga, akahamishwa katikati, na msimu wa 2022–23 alipata pointi 90. Hawa wote wana kasi, na wana macho: kisahani kabla hakijawafikia, wameshajua kinakwenda wapi. Winga haikuwapokonya hilo.

Ila ninayetaka Baraka amfuatilie hasa ni Quinton Byfield wa Los Angeles Kings. Ni mzaliwa wa Ontario, baba yake alitoka Jamaica, na mwaka 2020 Kings walimchagua wa pili katika drafti nzima. Hakuna mchezaji mweusi aliyewahi kuchaguliwa mapema kuliko yeye. Alichaguliwa akiwa senta, kijana mkubwa wa mwili. Alipofika alimkuta Anze Kopitar, mshindi wa Selke mara mbili, na punde Phillip Danault naye akaletwa pale pale katikati. Nafasi hakuna. Timu ikamweka winga ya kushoto pembeni mwa Kopitar, Adrian Kempe akiwa kulia. Fikiria kijana aliyechaguliwa wa pili duniani, na watu wa mitandaoni wakiuliza kila wiki kwa nini anapotezewa muda. Msimu wa 2023–24 alifunga mabao 20 na kufikisha pointi 55. Juni 2024 Kings wakamuuza senta wao Pierre-Luc Dubois kwenda Washington, na msimu ulioanza baada ya hapo Byfield akarudi katikati, mahali alipokuwa amepangiwa tangu mwanzo.

Nikimtazama Byfield naona faida mbili za kukaa kule pembeni. Ya kwanza, alipata dakika nyingi katika safu ya kwanza akiwa bado anajifunza. Kama angeng'ang'ania senta, angecheza safu ya tatu au ya nne na wenzake wasiofunga. Ya pili, kila zamu alikuwa hatua chache kutoka kwa mmoja wa masenta bora wa kizazi chake, akiona anashuka lini, anasimama wapi, anamwachia nani. Kwa hiyo swali muhimu kwako si Baraka yuko upande gani. Uliza yuko safu ya ngapi, na senta wake ni nani. Kama amewekwa pembeni mwa senta mzuri na anacheza kila zamu ya maana, mshukuru kocha. Kama yuko safu ya mwisho na senta wake naye hajui kazi, hapo nitaanza kukuelewa.

Wapo walioyumbishwa, sitakuficha. Alex Galchenyuk alichaguliwa na Montreal mwaka 2012 wa tatu katika drafti, kama senta. Akawekwa winga, akarudishwa senta, akafunga mabao 30 msimu wa 2015–16, akapelekwa tena winga, na mwaka 2018 akauzwa Arizona kwa kubadilishana na Max Domi. Domi alikuwa winga. Montreal wakamweka nani senta? Domi, naye akapata pointi 72 msimu wake wa kwanza. Kuhamishwa mara moja kwa sababu inayoeleweka hakumdhuru mtu. Kinachodhuru ni kupelekwa huku na kule kila mwezi bila mtu kukwambia ni kwa nini.

Kuhusu yule kijana mrefu. Canada hupanga makundi kwa mwaka wa kuzaliwa, mwisho Desemba 31, na kwa muda mrefu imejulikana kwamba timu teule za vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Baraka wa Septemba anaweza kuwa anacheza na mtu anayemzidi miezi minane, au hata mwaka mzima na zaidi, kwa kuwa kundi lake linachanganya miaka miwili ya kuzaliwa. Katika umri huo miezi minane ni kilo na sentimita. Kocha anayetaka kushinda vituo vya kudondosha atamweka mwenye nguvu. Hilo si hukumu juu ya kipaji cha mwanao, na mwili wake bado haujasema neno la mwisho. Ligi ya vijana ya magharibi, WHL, huchagua wachezaji mwaka wanaofikisha miaka 15, kwa hiyo mbele yake bado kuna msimu mwingine mzima.

Sasa, utajuaje yeye ni senta au winga kwa asili? Chukua simu, kaa juu jukwaani, na umrekodi yeye peke yake. Usikifuate kisahani, hilo ndilo kosa la wazazi wote. Zamu chache zinatosha. Angalia kichwa chake kabla hajapokea pasi: anageuka kutazama nyuma ya bega lake, au macho yameganda kwenye kisahani mpaka kimfikie? Anayegeuka anakusanya habari, na senta bila habari ni mtu wa kugongwa tu. Halafu angalia timu yake inapopoteza kisahani kule mbele. Hatua zake tatu za kwanza zinaelekea wapi? Wapo watoto wanaogeuka papo hapo na kurudi kwa nguvu kupitia katikati. Wapo wanaochora duara kubwa, kama gari linalotafuta maegesho, wakitumaini kisahani kitarudi chenyewe. Hao wa duara wanaweza kuwa mawinga wafungaji wazuri sana, lakini ukiwaweka katikati utafungwa. Mazoea hayo yanafundishika, ila kwa umri huu tayari yanaonyesha mtoto anafikiria nini.

Mwangalie pia mwishoni mwa zamu. Senta hukimbia zaidi ya wenzake, na akichoka bado lazima ashuke chini. Kama kwenye sekunde ya 35 Baraka amesimama wima, gongo likiwa magotini, mapafu yake hayajawa ya senta, na hilo huja na umri na mazoezi ya nchi kavu. Ukimwona anapata kisahani akiwa tayari kwenye mwendo, anampita beki kwa nje, anapiga bila kusita, na unaona amefurahi, usikimbie kumwombea nafasi ya katikati. Wapo watoto ambao senta inawapunguzia makali. Anatumia nusu ya nguvu kulinda eneo ambalo mwingine angelilinda vizuri zaidi, na anapofika mbele hana tena ile hatua ya ziada iliyokuwa silaha yake. Hapo Edmonton mnaye Leon Draisaitl wa kumtazama kwenye televisheni: anaongoza safu yake mwenyewe akiwa senta, na timu ikitaka bao anasogezwa winga kwa senta mwenzake Connor McDavid. Mchezaji bora wa ligi mwaka 2020, na kazi zote mbili anazijua.

Msimamo wangu mwenyewe, kama unautaka bila kuzunguka: kabla ya miaka 15 mtoto apite nafasi zote, na akipata bahati apite senta zaidi kidogo, kwa sababu senta inamlazimisha kushuka, kusoma uwanja mzima na kukigusa kisahani katika shida. Baraka ameshayapata hayo kwa miaka kadhaa. Anachokosa ni ukuta, vikumbo na presha ya kuwa wa kwanza kumfuata beki wa wapinzani kwenye kona yake, na hayo yote yako winga. Kumfungia mtoto nafasi moja kabla ya miaka 16 sioni faida yake, iwe ni kocha anayefanya hivyo au ni mzazi.

Hata shirikisho la Canada linawachezesha watoto wa chini ya miaka 7 na 9 katika sehemu tu ya uwanja, ambako kila mtu anabanana na mwenzake na jina la nafasi halina kazi. Wenzetu wa Nairobi wamejifunza hivyo kwa kukosa pengine: Kenya Ice Lions wamekulia kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uwanja mdogo kuliko uwanja kamili wa mchezo huu. Mwaka 2018 walialikwa Canada na kucheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, masenta wote wawili, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Baraka akija likizo, mpelekeni pale akacheze. Eneo dogo humfundisha mtu kufikiri haraka, na hapo hakuna wa kumuuliza kama yeye ni senta.

Kwa kocha nenda hivi. Timu nyingi huko zina utaratibu kwamba mzazi asimfuate kocha ndani ya saa 24 baada ya mechi. Uheshimu hata kama haujaandikwa, na usimwendee mbele ya wazazi wengine au mbele ya Baraka. Nenda wewe, au nendeni wote, lakini baba asianze na neno "kushushwa". Muulize aliona nini hata akafanya mabadiliko. Kocha mwenye hoja atakupa jibu la barafuni: "anachelewa kushuka", "ana shuti, nataka awe mbele", "kasi yake inawatisha mabeki wao". Jibu kama hilo ni zawadi, liandike. Kocha asiye na hoja atakwambia "ndivyo timu inavyohitaji" na kuangalia saa. Hapo muulize kwa upole mtoto afanye nini ili afikiriwe tena.

Kisha omba masharti niliyokuahidi. La kwanza, senta akifukuzwa kituoni kwa kukiuka taratibu za kudondosha, Baraka ndiye aingie badala yake. Sheria inataka mwingine achukue nafasi, na mara nyingi ni winga. Kwa njia hiyo hatasahau kazi. La pili, katika mazoezi ya ulinzi apewe mara moja moja jukumu la kushuka chini, maana hata katika mechi, mshambuliaji wa kwanza kurudi ndiye anayepaswa kushika nafasi ya senta, awe nani. La tatu, awemo kwenye kikosi kinacholinda wakati timu ina mtu pungufu. Huko mawinga na masenta hufanya kazi inayofanana, na kocha anayemwamini mtoto kule anamwona ni mtu mzima. Usiombe arudishwe senta. Ukiomba hayo matatu utakuwa umeomba karibu kitu hicho hicho, na kocha hatajisikia amepokonywa timu.

Kama mnataka sana aendelee katikati, Alberta ina timu za majira ya kuchipua baada ya msimu kuisha. Huko mwandikisheni akiwa senta, na hakuna atakayenung'unika.

Lini basi ningesema hameni? Akiwekwa winga na dakika zake zikakatwa, akawa anahamishwa kila wiki, na kocha hana maelezo hata mkimwendea kwa heshima. Hata hapo ningesubiri msimu uishe, kwa sababu kuhama katikati kuna masharti ya chama cha eneo na mtoto huingia kwenye timu mpya akiwa mgeni asiye na rafiki wala safu.

Nyumbani, mbele ya Baraka, lisemwe neno moja tu na nyote wawili: kocha amekupa kazi mpya, tuione. Mkimwambia ameonewa, atacheza kama mtu aliyeonewa. Na wekeni kisahani gereji. Kila jioni mmoja wenu amdondoshee mara 20, yeye akiwa ameinama, mkono wa chini ukishika gongo karibu na ubapa, akivuta nyuma upande mmoja na kisha mwingine. Zoezi hilo halihitaji barafu. Rekodi zamu zake tena mwezi wa pili, uzilinganishe na za sasa, hasa zile hatua tatu baada ya kupoteza kisahani. Zikiwa zimebadilika kuelekea goli lake, mpelekee kocha video hiyo kabla hajapanga timu ya msimu ujao.